Mshale Usio na Mwenyewe

Mama Mbio hakujua kukaa. Hata chai aliinywa amesimama, kikombe mkono huu, ufagio mkono ule. Jina hilo alipewa kazini, katika chumba cha kufulia cha hospitali. Kutwa alisukuma toroli la mashuka. Toroli lenyewe lilikuwa kongwe. Ukiliachia tu, linagoma palepale.

Mtihani wa kuingia chuo cha ufundi ulikuwa umekaribia. Mwaka jana alianguka. Mwaka ujao umri ungekuwa umempita. Basi alizunguka meza kama kuku anayetafuta pa kutagia.

"Keti basi, unanitia kizunguzungu," alisema mumewe, fundi cherehani. "Hata sindano yangu hupumzika."

"Tania tu. Mwenzio roho iko juu juu."

Alichukua karatasi yake, akavuka ua hadi kwa jirani, mwalimu wa fizikia.

"Hodi, Mwalimu!"

"Karibu, dada. Mbona unahema?"

"Swali hili litaniua. Sanduku la kilo kumi linasukumwa kwa kani ya niutoni thelathini. Msuguano wa sakafu ni niutoni kumi. Kisha linaachiliwa. Litakwendaje?"

Mwalimu alitazama mchoro wa mishale kwenye karatasi yake. "Mwanzo umepatia. Kani ni msukumo au mvuto. Thelathini toa kumi, inabaki ishirini. Gawa kwa kilo kumi, unapata mbili. Kila sekunde, kasi inaongezeka kwa mita mbili kwa sekunde. Lakini likishaachiliwa, mshale huu wa mbele ni wa nini?"

"Wa kani inayolipeleka. Kitu hakiendi bila kusukumwa, Mwalimu. Mimi na toroli ni chanda na pete, nani atanidanganya?"

"Haya, nipeleke kwa huyo pete wako."

Mama Mbio aliudhika. Yeye anataka jibu, mwenzake anataka matembezi! Lakini alimpeleka.

Hospitalini walilipindua toroli. Nyuzi za mashuka zilikuwa zimejisokota kwenye magurudumu, ngumu kama kamba. Walizikata, wakapaka grisi. Kisha Mama Mbio alilisukuma kwenye korido tupu, akaliachia.

Toroli halikugoma. Lilikwenda, likaenda, hadi likagonga ukuta wa mbali.

"Pale katikati, nani alikuwa analisukuma?" aliuliza Mwalimu.

Mama Mbio alitazama mikono yake. "Hakuna."

"Na zamani lilisimama kwa nini?"

"Msuguano. Zile nyuzi." Alishika kiuno. "Yaani miaka yote hii nasukumana na nyuzi!"

Walicheka hadi mfuaji mmoja akachungulia. Kisha Mwalimu akasema, "Chora kitu peke yake. Kila mshale uulize, mwenyewe nani? Mkono? Sakafu? Dunia inayovuta chini? Usio na mwenyewe, futa."

Mama Mbio alifuta ule mshale wa mbele. Dunia ilivuta sanduku chini, sakafu ikalibeba, kani hizo mbili zikamalizana. Ukabaki msuguano tu, unaovuta nyuma.

"Kumi gawa kwa kumi, moja," alisema polepole. "Kila sekunde kasi inapungua kwa mita moja kwa sekunde, mpaka lisimame."

"Umeona? Wala hukuhema."

Kwenye mtihani alikuta swali la mpira unaobingirika nyasini, mpigaji kashaondoka. Mkono ulimwasha kuchora mshale wa mbele. Alijiuliza, mwenyewe nani? Hakuuchora.

Siku ya matokeo alimtuma mumewe. Alirudi uso mzito.

"Nimeanguka?"

"Umepita."

"Sasa mbona umenuna, mwanamume wewe?"

Fundi alijifuta macho kwa kipande cha kitambaa. "Chuo ni cha bweni, mke wangu. Nyumba hii itakuwa na ukimya mwingi."

Mama Mbio alivuta kiti, akaketi karibu naye. Jioni ile walikunywa chai pamoja mpaka ikapoa.