Kimya cha Saa Saba Mchana

Lifti ya hospitali ile ilikuwa ya watu wanane kwa mujibu wa kibandiko, lakini asubuhi hiyo walijibana kumi na watatu. Wa mwisho kuingia alikuwa kijana aliyevaa koti zito hadi magotini na kofia hadi masikioni, huku wenzake wote wakijipepea kwa karatasi za vipimo. Binti mwenye gauni la njano, kompyuta kifuani, alishindwa kunyamaza.

"Kaka, unaumwa au umepotea njia?"

"Sijapotea, mrembo. Natoka stoo ya damu. Kule kwetu ni nyuzi nne tu."

"Na koti huvui hata kwenye joto hili?"

"Nikilivua utanitazama, upitilize ghorofa yako."

Watu wakacheka. Na kweli binti akapitiliza, akitafuta jibu la kumkomesha. Aliporudi akamkuta kijana huyo huyo mlangoni mwa stoo aliyotumwa kuja kuifanyia kazi.

Binti huyu alikuwa fundi wa programu. Kampuni yake ilimleta kusimika mfumo wa tahadhari: vipima joto vya majokofu vinatuma habari kila dakika, mfumo unazipima kwa kanuni, na joto likizidi nyuzi sita kwa dakika tano, mtunza stoo anapigiwa simu. Kanuni zote alizitunga yeye. Kijana wa koti, ambaye ndiye mtunza stoo, akampachika jina la Mama Kanuni. Naye akamwita Baridi, ingawa baada ya wiki mbili alikuwa anajua fika kwamba jina halimfai.

Mwezi wa majaribio ulikuwa wa raha. Joto la uongo likatumwa mchana kutwa, na simu ya Baridi ikalia mchana kutwa, hata kantini.

"Mpenzi, huu mtambo wako una wivu. Kila nikikushika mkono unanipigia."

"Ngoja niufunge mdomo."

Akafungua kompyuta kati ya sahani mbili, akaongeza mstari mmoja kwenye faili la mipangilio: saa saba hadi saa nane mchana, simu isipigwe.

"Hiyo saa ni yetu," akasema. "Wakati mwingine wote wewe ni wa majokofu."

Hakuna aliyedhurika, maana majokofu ya majaribio hayakuwa na damu.

Siku ya mfumo kuanza kazi rasmi, meneja wa binti alisimama nyuma ya kiti chake akitazama saa ya mkononi kila nukta. Binti akachukua mipangilio ya majaribio, akabadilisha anwani za seva, akaipeleka kwenye mtambo wa kazi. Mstari ule ukaenda nayo.

Wiki ya pili, saa saba na dakika tano mchana, mota ya jokofu kubwa ikafa. Baridi alikuwa kantini, simu mezani, akila kwa amani ya mtu anayejua ataitwa. Hakuitwa. Aliporudi stoo karibu saa nane, mifuko arobaini ya damu ilikuwa imeharibika; upasuaji wa watu watano ukaahirishwa, na kabla ya jioni kijana akasimamishwa kazi kwa kupuuza tahadhari.

Binti akampigia kwa hasira.

"Kwa nini hukupokea simu?"

"Simu gani?"

"Usinifanye mtoto. Nimeona kumbukumbu ya mfumo kwa macho yangu. Kanuni ilitimia saa saba na dakika ishirini."



"Haikunipigia," akasema Baridi polepole. "Na wewe unajua kwa nini."

Akakata. Siku tatu hawakusemezana. Binti aliapa kwamba hajawahi kupenda mwongo, na hataanza leo.

"Kwa hiyo umeamini mashine, ukamkana mtu," alisema dada yake, huku akipiga pasi sketi.

"Mashine haidanganyi, dada."

"Sawa. Kanuni imetimia. Na simu je, umeona ilipopigwa?"

Kumbukumbu aliyoisoma ilikuwa ya kanuni tu. Akawasha kompyuta, akafungua mipangilio ya mtambo wa kazi, akashuka mstari kwa mstari. Ulikuwepo. Saa saba hadi saa nane. Akalia, na dada akazima pasi.

Kesho yake meneja alimsikiliza akiwa amefunga mlango.

"Futa huo mstari, unyamaze. Watunza stoo wamejaa tele. Mkataba kama huu hatupati tena."

"Bosi, huyo mtu hana kosa."

"Una uhakika unataka kazi?"

"Nina uhakika sitaki ya namna hii."

Akaingia kwenye kikao cha nidhamu bila kualikwa. Daktari Mkuu, mama mwenye miwani puani, aliinua uso. Baridi alikuwa amekaa pembeni bila koti, na kwa mara ya kwanza alionekana mwembamba.

"Mama, samahani, huyu hakupuuza simu. Simu haikupigwa. Niliizuia mimi wakati wa majaribio, ili tule pamoja bila kusumbuliwa, nikasahau kuondoa. Mstari wenyewe huu hapa." Akageuza kompyuta waione wote. "Mwenye kosa ni mimi."

"Huyo si msemaji wa kampuni!" meneja akafoka toka mlangoni.

"Kweli," akajibu bila kugeuka. "Tangu sasa hivi."

Baridi alirudishiwa kazi kabla kikao hakijaisha. Akamkimbilia binti, akamkuta kwenye ngazi.

"Nani alikutuma?" akauliza, macho mekundu. "Nilikuwa nimenyamaza kwa ajili yako!"

"Ulijua?"

"Toka siku ile ile. Nilidhani na wewe unajua, umeamua kunitupa. Nikasema haya, nitupwe, lakini sikutaji."

"Umesimamishwa kwa kosa langu, ukaridhika? Nani alikwambia nataka mwanamume wa kunifichia makosa?"

"Na mimi nataka mwanamke wa kuniuliza kabla hajaniita mwongo!"

Sauti zilipanda hadi manesi wakachungulia. Kisha binti akakaa chini kwenye ngazi.

"Nisamehe, Baridi. Nilikukosea sana."

Akakaa kando yake. "Nimekusamehe. Olewa na mimi."

"Hapana."

"Hapana?"

"Leo hapana. Leo nikikubali watasema nimeacha kazi nikakimbilia kwako. Niulize Jumatatu."

"Jumatatu utakuwa umepata kazi nyingine?"

"Sijui. Lakini nitakuwa nimeshalala, nimekula, nimeacha kulia. Nikikubali, nikubali kwa akili zangu."

Baridi akamtazama, akatikisa kichwa, akaanza kucheka polepole.

"Na ukikataa?"

"Utaniuliza Jumanne," akasema Mama Kanuni, akasimama, akampa mkono ainuke.