Kitabu cha Rangi Saba

Kila siku baada ya shule, Halina Wrobel alitimiza ibada yake. Aliifuta meza ya pembeni katika mgahawa wa shangazi yake mjini Wausau, akakifungua kitabu cha biolojia, kisha akazipanga kalamu zake saba nene za rangi kama kasisi apangavyo vyombo vya altareni. Njano ilikuwa ya mambo muhimu. Waridi ilikuwa ya mambo muhimu sana. Kijani ilikuwa ya mambo muhimu yaliyosahauliwa na njano. Ilipofika Machi, kitu pekee kilichobaki bila rangi katika kitabu kizima kilikuwa jina la mchapishaji.

"Hicho ni kitabu au keki ya harusi?" aliuliza Tou Vang, mwanafunzi mwenzake aliyesoma naye pale mezani.

"Wivu tu huo," alijibu Halina. "Chako hakina hata doa. Tutaonana Mei."

Tou alikuwa na tabia ya ajabu. Alisoma ukurasa, akafunga kitabu, akakodolea dari macho huku akinong'ona, halafu akachorachora kwenye karatasi kuukuu. Halina aliamini kwa dhati kwamba kijana huyo alikuwa amevumbua usingizi wa macho wazi.

Mwezi Mei ndipo wangefanya mtihani wa biolojia ya kiwango cha chuo, ambao alama zake huanzia moja hadi tano. Chuo cha uuguzi alichokitamani Halina kilikuwa kimemwambia bila kuficha kwamba kinataka tatu au zaidi. Kwa hiyo Mwalimu Okerlund alipowapa mtihani wa majaribio, Halina aliingia kwa mwendo wa malkia.

Alipata moja. Tou alipata nne.

Halina aliikunja ile karatasi ikawa ndogo kama pipi, akaisukumiza ndani ya kiatu. Jioni, Shangazi Bernadine aliuliza, "Mtihani ulikwendaje?"

"Si vibaya, shangazi."

"Nilijua tu. Rangi zote zile."

Halina aliuhisi uso wake ukiwaka kana kwamba ameinamia karai la mafuta.

Ijumaa ilifika, na katika mji ule Ijumaa ni siku ya samaki wa kukaanga. Foleni ilifika hadi mlangoni. Jikoni, Shangazi Bernadine alikatakata matango ya saladi, akayanyunyizia chumvi, na baada ya muda mfupi bakuli lilijaa maji.

"Wewe mwanabiolojia," alisema, "tangu nijue kushika kisu natia chumvi, na matango yanalia. Yanalia kwa nini?"

Halina akafungua kinywa. Ukurasa wenye jibu aliuona kabisa kichwani. Ulikuwa wa kushoto, chini kidogo, mchoro wa seli umepakwa waridi na mshale wa samawati. Aliona kila kitu isipokuwa kilichoandikwa.

"Ngoja nikalete kitabu."

"Sijakiuliza kitabu. Nakuuliza wewe."

Mafuta yalichachatika. Halina akatazama matango, matango yakaendelea kulia, naye akahisi yanamsaidia kazi hiyo.

"Sijui, shangazi. Na kwenye jaribio nilipata moja. Nilikudanganya."

Shangazi akamsogezea bakuli. "Moja kati ya ngapi?"

"Tano."

"Basi zimebaki nne za kutafuta. Haya, kamua matango."

Jumatatu Halina alimpelekea Mwalimu Okerlund kile kitabu. Mwalimu alikifungua taratibu, kwa heshima, kama mtu aliyeingia kwenye maonyesho ya michoro.

"Sura hii umeisoma mara ngapi?"

"Sita, mwalimu."

"Na umejiuliza maswali mangapi kitabu kikiwa kimefungwa?"

"Hata moja," alisema Halina.

"Kuna mtu unayemwona kila asubuhi kwenye basi," alisema mwalimu. "Ukimwona unamtambua. Jina lake je? Hulijui, kwa sababu hujawahi kumuuliza. Ndivyo ulivyo na ukurasa huu. Soma kidogo, ufunge. Andika unachokumbuka, ufungue, ujisahihishe. Rudia baada ya siku chache, pale unapoanza kusahau. Kisha mweleze mtu asiyejua, usikie unapokwama."

Kumbe ndicho alichokuwa akikifanya Tou. "Karibu kwenye chama cha wasinziaji," alisema Tou, akampa mkono rasmi kama balozi.

Wiki ya kwanza ilikuwa chungu. Kalamu zilimfanya Halina ajione hodari. Karatasi tupu ilimfanya ajione mjinga. Lakini kila alichokosea leo, keshokutwa kilikataa kutoka kichwani. Na kila Ijumaa alikuwa na mwanafunzi wake mkaidi, mwenye aproni.

"Nje kuna chumvi nyingi kuliko ndani ya seli, kwa hiyo maji yanapita kwenye utando kuifuata."

"Mbona chumvi isiingie ndani ikayafuata maji?"

Halina akarudi kitabuni.

Mei ilifika. Walikaa katika ukumbi wa mazoezi ulionuka magodoro ya mieleka. Swali la mwisho lilihusu mmea ambao Halina hakuwahi kuusikia. Mkono wake ukaanza kupapasa kutafuta kalamu ya njano. Haikuwepo. Akafumba macho, akasikia sauti ya jikoni ikiuliza, "Kwa nini?" Akaanza kuandika, akimweleza mtu mwenye aproni, na hakusimama hadi muda ulipokwisha.

Matokeo yalitoka Julai. Halina aliyasoma kwenye simu akiwa stoo, kisha akakalia gunia la viazi, akashusha pumzi aliyokuwa ameibana tangu Machi, akaita jikoni.

"Nne, shangazi."

Tou, aliyekuja mgahawani na tano yake, alikuwa na adabu ya kumpongeza kwanza kabla ya kuitaja.

Shangazi Bernadine alijifuta mikono, akamkumbatia mpwa wake, akamwachia unga wa samaki mgongoni. "Sikiliza, mwanangu. Kupaka mlango rangi si kuingia ndani ya nyumba. Kitabu kikifungwa, kinachobaki kichwani ndicho chako. Na siku uliyothubutu kusema hujui, ndiyo siku uliyoanza kujua."

Kalamu saba hazikutupwa. Zinatumika kuandikia ubao wa vyakula wa Ijumaa. Samaki ameandikwa kwa waridi, kwa kuwa ni jambo muhimu sana.