Barua Tatu Kwenye Kasha la Tarumbeta

Kila Jumamosi, kabla ya mazoezi ya bendi, Kerensa alikuwa na kazi moja ndogo: kuokota barua zilizodondoshwa na tarishi kwenye zulia la mlangoni na kuzipeleka jikoni. Huko alimkuta mama yake, Tamsin, ametoka tu kwenye kiwanda cha mikate, viatu vimejaa unga, kikombe cha chai mkononi. Mama aliziangalia bahasha, akapiga mwayo, kisha akasema, "Weka hapo, mwanangu. Nitazisoma drekli."

Mjini Camborne, kama ilivyo Cornwall nzima, kusini-magharibi mwa Uingereza, drekli ni neno la kila mtu. Maana yake ni sasa hivi, ila ni sasa hivi yenye mkia mrefu. Fundi bomba akikuambia anakuja drekli, chemsha chai unywe, halafu upike na chakula cha jioni. Watu hulicheka neno hilo na hakuna anayekasirika.

Lakini bahasha zenye mstari mwekundu, zile za kudai deni, hazikuwa za kuchekwa. Mwaka uliopita injini ya gari lao dogo ilikufa, na mama akalipia matengenezo kwa kadi ya mkopo. Hakuwa na njia nyingine. Kiwandani wanaanza kazi saa kumi alfajiri, na saa hiyo hakuna basi. Deni lilikuwa pauni elfu tatu. Kila mwezi mama alilipa pauni tisini na mbili, na kati ya hizo sitini na mbili zilimezwa na riba. Siku moja Kerensa alimkuta akilia, ameshika barua ya mstari mwekundu. Tangu siku hiyo, kila ilipofika nyingine, aliichomeka chini ya kitambaa ndani ya kasha la tarumbeta lake. Alijiambia kwamba anamsaidia mama. Sasa zilikuwa tatu, na kila alipofungua kasha mbele ya wanabendi wenzake alikibana kitambaa kwa mkono.

Jumamosi hii mama hakukaa.

"Beba tarumbeta lako," alisema. "Tunapitia kwanza kwenye chama cha akiba na mikopo. Hili deni limenifika hapa." Akagusa shingo yake. "Nikishindwa leo, nauza gari."

"Ukiliuza utaendaje kazini?"

"Ndiyo maana tunakwenda, mwanangu. Vaa koti."

Chama hicho kilikuwa na meza mbili katika ukumbi wa kanisa. Kwenye mojawapo alikaa Bi Jacka, mama wa makamo aliyening'iniza miwani kifuani. Mama alimwekea mbele tangazo alilolikata gazetini: kadi mpya, hamishia deni lako hapa, miezi ishirini bila riba.

"Nimeshaamua nusu," mama alisema. "Hii haina riba, na mkopo wenu una riba. Hata mtoto mchanga angejua achague ipi."

Bi Jacka alicheka. "Na huenda angepatia. Sitakudanganya, kipenzi, eti kwa sababu mkopo ni wetu. Tupige hesabu."

Akachukua kalamu. Kadi mpya ilitoza ada ya kuhamisha deni, pauni tisini, kwa hiyo deni lingekuwa elfu tatu na tisini. Ukiligawa kwa miezi ishirini, ni kama mia moja hamsini na tano kila mwezi. Mkopo wa chama ulikuwa pauni tisini na sita kwa mwezi, kwa miaka mitatu, na mwishowe mama angekuwa amelipa riba ya kama mia nne na hamsini.

"Kwa hiyo kadi ni nafuu zaidi," alisema Bi Jacka, "kwa mtu anayeweza kutoa hiyo mia na hamsini na tano, na asiyechelewa. Ukichelewa, wanaweza kukuondolea hiyo nafuu. Na chochote kitakachobaki baada ya miezi ishirini kitaanza kutozwa riba kali kama hii ya sasa. Sasa niambie, wewe unaweza kulipa ngapi?"

"Mia na sitini," mama akajibu haraka.

"Na hujawahi kuchelewa kulipa?"

"Sijawahi."

Kerensa alilikumbatia kasha. Alijua walivyokula mkate na maharage siku nne mfululizo kabla ya mshahara. Alijua pia kilichokuwa kwenye kasha magotini mwake. Akinyamaza, mama angechukua kadi, na gari lingekwenda tu, sasa au baadaye. Akisema, mama angeaibika mbele ya mgeni. Aliogopa kweli, lakini alifungua kasha, akainua kitambaa, akaziweka zile barua tatu mezani.

Mama alizifungua moja baada ya nyingine. Moja ilikuwa taarifa ya kawaida ya deni; mbili zilisema malipo yamechelewa, na kila moja iliongeza faini ya pauni kumi na mbili.

"Ulizificha?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa unalia, mama. Sikutaka ulie tena. Nisamehe." Kerensa alilifunga kasha. "Na hiyo mia na sitini hatuna."

Mama alijifunika uso kwa viganja, na alipoviondoa alikuwa mwekundu, lakini hakuwa na hasira.

"Mia," alisema. "Naweza mia, tena kwa kujibana. Na ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa drekli."

"Nusu ya mji huu ni watu wa drekli," Bi Jacka alisema. "Mume wangu ndiye mwenyekiti wao. Ila kadi hii haijui neno hilo. Ukiilipa mia kwa mwezi, baada ya miezi ishirini utabaki na deni la elfu moja na tisini. Mkopo wetu unaingia ndani ya mia yako, na benki itakata malipo yenyewe siku ya pili baada ya mshahara. Hizo siku ulizochelewa zingeonekana tu kwenye rekodi yako. Afadhali nimezisikia kwenu."

Jumatano simu ililia: mkopo umekubaliwa. Deni la kadi ya zamani likalipwa lote. Mama aliikata ile kadi vipande vinne kwa mkasi wa jikoni, akashusha pumzi ndefu, akaanza kucheka, na Kerensa akacheka naye hadi mbavu zikamuuma. Gari lilibaki pale pale nje ya nyumba.

"Sikiliza," mama alisema baadaye, akimkumbatia. "Wewe ulinificha barua kwa huruma, mimi nikamficha Bi Jacka hesabu kwa aibu. Sote wawili nusura tukose gari. Mtu hawezi kukusaidia kwa namba ya uongo. Kuanzia leo, barua ikifika tunaifungua pamoja."

Jumamosi iliyofuata bahasha ilidondoka mlangoni. Kerensa alikuwa katikati ya mkate wake wa jamu.

"Nenda kailete," mama alisema.

"Naileta drekli."

Mama alimtazama tu. Kerensa aliweka mkate chini, akaenda kuileta.