Mwanamke Mrefu wa Mlangoni

"Huyu mwanamke ni nani?"

Mchoraji alikuwa hata hajavua viatu. Mpenzi wake amekaa sakafuni katikati ya vipande vya kadibodi, gundi imemkaukia vidoleni, macho mekundu. Mbele yake ameegemeza picha ambayo Mchoraji mwenyewe alimpa zawadi: nyumba ya matofali, ua mdogo, na mwanamke amesimama mlangoni, ametugeuzia mgongo.

"Si wewe huyo! Nilikuambia siku ile nakupa."

"Usinifanye mtoto. Nimempima."

Hapa itabidi mnivumilie kidogo. Binti huyu ndiyo kwanza ameanza kusomea usanifu wa majengo, na kazi yao ya kwanza ilikuwa kuchagua picha ya rangi na kuigeuza modeli. Kwanza modeli ya vijiti, mistari mitupu. Halafu ya kadibodi, kuta na paa, nyumba unayoweza kuizunguka. Wenzake walichagua picha za wachoraji wakubwa. Yeye kwa mapenzi yake akachagua ya mtu wake. Vijiti havikumsumbua. Kadibodi ndiyo iliyoleta balaa, maana kadibodi inataka vipimo na picha haina.

"Mwalimu alisema tukikosa vipimo tuanzie mlangoni," alisema. "Mlango ni mita mbili. Nikaulinganisha na huyu dada. Kichwa kinakaribia kugusa fremu ya juu! Mimi hata nikivaa visigino nakufikia begani. Huyu twiga ni nani?"

Mchoraji akacheka. Alikosea sana.

"Unacheka?"

"Mpenzi, naapa ni wewe. Ona hata unavyosimama, mguu mmoja umeupumzisha."

"Wanawake wote wanasimama hivyo. Na nyumba hii ya nani?"

Kicheko kikamkauka. Akatazama pembeni.

"Ni nyumba tu."

"Basi nenda kwenye hiyo nyumba tu, kwa twiga wako. Niachie kadibodi zangu."

Akaenda. Binti akalia mpaka gundi ikamgandia shavuni. Alimpenda yule mwanaume kupita kiasi, na sasa alikuwa na hakika anampoteza.

Asubuhi simu ikalia.

"Msanifu wangu, umeamkaje?"

Binti akaendelea kubandua gundi shavuni.

"Nipe adhabu yoyote, ila usiitupe picha."

"Sijaitupa. Nimeigeuza iangalie ukuta. Niambie ni nyumba ya nani au ufute namba yangu."

"Chukua tepu yako ya kupimia. Nakuja kukuchukua."

Wakapanda basi. Walishuka lami ilipoishia, wakapita gereji na uzio wa mabati, na binti akasimama ghafla. Nyumba ilikuwa ileile, matofali yaleyale, ua uleule.

Mchoraji akajikunja kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni, akapenya mlangoni, akageuka.

"Njoo usimame hapa."

Binti akasimama. Nywele zake zikagusa fremu. Akafungua tepu, akapima, akapima tena kwa kutoamini macho yake. Mlango ulimzidi yeye kidogo tu.

"Baba aliijenga mwenyewe," Mchoraji alisema. "Fremu aliiokota kwenye banda lililobomolewa, akaiweka hivyohivyo. Hakuna mtu kwetu ambaye hajagonga kichwa hapa."

"Kwenu? Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa. Wewe unasomea majumba ya vioo. Nikaona utaicheka. Ndiyo nikakuingiza kwa brashi kwanza, nione unavyokaa."

Hasira ilimwisha, aibu ikachukua nafasi yake. Alitamani kumpiga na kumkumbatia kwa wakati mmoja.

"Na nilikaaje?"

"Ulienea."

Sauti ya mama ikatoka ndani:

"Mtaongelea mlangoni mpaka lini? Mlete nimwone!"

Wakaingia. Mama akaweka pembeni nguo aliyokuwa akiishona, akamshika binti mikono yote miwili.

"Mgongo wako naujua, mwanangu, picha ilikauka humu ndani. Uso ndio nilikuwa nausubiri."

"Mama," Mchoraji akakohoa, "huyu ndiye nataka kumuoa. Kama atakubali."

"Sasa mbona unamwambia mama, na mwenyewe nipo?" binti akamkatiza.

"Haya. Utakubali?"

"Nikikataa, nitapata wapi mlango mwingine wa saizi yangu?"

Mama akacheka mpaka akashika kiti.

Siku ya kuwasilisha kazi, mwalimu aliizunguka ile modeli ya kadibodi, akainama, akachomeka rula mlangoni.

"Vizuri sana, isipokuwa hapa. Nani anaishi kwenye nyumba ya mlango huu?"

"Mama mkwe wangu, mwalimu. Na kwa ukoo mzima, ni mimi peke yangu ninayeingia bila kuinama."