Kupe Waliobaki

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, seremala alikwenda bandani kumkagua ng'ombe. Ng'ombe huyo walimwita Shangazi, kwa kuwa hakuna jambo lililopita uani bila yeye kulitilia mdomo. Jirani akibisha hodi, Shangazi ndiye aliyeitikia.

Siku hizi seremala hakucheka. Shangazi alikuwa na mimba ya miezi minane. Mwaka uliopita ndama wake alikufa kwa homa ya kupe akiwa na siku arobaini tu. Seremala alimzika mwenyewe nyuma ya karakana. Tangu hapo, kupe mmoja alitosha kumtia tumbo joto.

Asubuhi hii aligeuza sikio la Shangazi. Kupe. Akainua mkia. Kupe tena, wanene kama maharage. Na dawa alimwogesha juzi tu!

"Wapo?" mkewe aliuliza kutoka mlangoni.

"Wamejaa tele."

"Basi yule muuza dawa ametuuzia maji! Leo ataniona. Mwanzoni kupe walikuwa wanapukutika. Sasa wanaoga pamoja na ng'ombe, wakimaliza wanaendelea kula!"

Seremala aliushusha mkia wa Shangazi. Kuna jambo hakuwahi kumwambia mkewe. Lebo ya dawa ilisema vifuniko viwili kwa ndoo moja. Yeye aliweka kimoja, na siku nyingine nusu. Harufu ile kali ilimtisha. Alihofia itamchoma Shangazi ngozi. Masikioni na chini ya mkia hakupaka kabisa, maana Shangazi alirusha mateke. Alifanya hivyo kwa miaka mitatu, kwa huruma tu.

"Kwanza tumwite daktari wa mifugo," alisema.

Daktari alikuja mchana, mama mmoja mwenye buti za mpira. Alimpima Shangazi joto. Alimpapasa tezi chini ya masikio. Seremala alisimama roho juu.

"Homa hana," daktari alisema. "Lakini kwa kupe hawa, bahati yenu haitadumu."

"Wameizoea dawa?" seremala aliuliza.

"Watu husema hivyo. Lakini kupe hajifunzi kuvumilia sumu. Ngoja nikuulize, fundi. Mchwa wakivamia rundo la mbao, unabaki na mbao zipi?"

"Ngumu. Laini zote wanamaliza."

"Haya. Na kupe hawafanani. Katika mia, wawili watatu wamezaliwa wagumu kidogo. Dawa hafifu inaua walio laini, inawaacha hao. Tofauti ni kwamba mbao hazizai. Kupe jike akishiba, anataga mayai maelfu, na watoto wengi wanarithi ugumu wa mama. Mwaka wa pili wagumu ni wengi. Mwaka wa tatu ni karibu wote."

"Kumbe si kupe mmoja anayebadilika?"

"Ni ukoo wao, kizazi baada ya kizazi. Ndivyo wanyama wote wanavyokuja kufaa mahali wanapoishi. Anayefaa anabaki na kuzaa. Asiyefaa hana mjukuu."

Mkewe alikuwa ameshachukua chupa ya dawa. "Mmesikia? Dawa hafifu! Nakwenda dukani sasa hivi kumuumbua."

"Mke wangu, usiende." Seremala alimzibia njia. "Dawa ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyeipunguza."

Akatoboa yote. Mkewe aliweka chupa chini polepole.

"Na ndama wa mwaka jana?" seremala alimuuliza daktari. "Ni mimi?"

"Siwezi kuapa," daktari alijibu. "Huyu aliye tumboni ndiye tunayeweza kumsaidia."

Siku hiyo hiyo daktari aliwaandikia dawa ya kundi jingine, yenye sumu ya aina tofauti, inayomfaa ng'ombe mwenye mimba. "Kipimo kamili. Usipunguze, usizidishe. Mwili mzima, masikio, chini ya mkia, hata kati ya kwato."

"Na mateke yake?"

"Wewe si fundi?"

Seremala alitengeneza kizimba chembamba cha mbao. Shangazi aliingia humo akilalamika kwa mtaa mzima, lakini kugeuka hakuweza. Wiki ya kwanza kupe walipukutika. Wiki ya nne, masikio yalikuwa safi.

Ndama jike alizaliwa. Seremala alianza kuhesabu siku, na usingizi ukawa wa mang'amung'amu. Siku ya arobaini alikaa bandani tangu asubuhi hadi jioni. Ndama akipiga chafya, yeye anasimama.

Siku ya arobaini na moja alikwenda tena. Ndama alikuwa amelala ubavu, hatikisiki. Seremala alipiga magoti. Akamgusa shingo. Ndama akafumbua jicho, akainuka, akaenda kunyonya bila hata kumtazama.

Seremala alikaa kwenye majani akalia. Alimlilia huyu, na yule wa nyuma ya karakana pia.

Mkewe aliingia na ndoo, dawa na kikombe cha kupimia.

"Leo ni siku ya kumwogesha Shangazi," alisema. "Futa machozi upime. Mimi naangalia."

Alipima hadi mstarini.