Nani Kaitika Mwenyekiti

Wallahi, radi inipige hapa hapa nilipokaa kama naongeza hata punje ya chumvi!

Chanika nzima hakuna aliyekuwaga na sauti kama yangu. Nikisema "ndugu wajumbe", ndege inayotua Kipawa inakata kona. Maiki ya nini? Uenyekiti wa tawi la chama ulikuwa wangu kabisa, mpaka alipochukua fomu Didas, muuza vipuri, kasauti kama mlango mkavu. Na watu wanampenda! Roho iliniuma mpaka chakula hakipiti.

Jioni ya kuamkia uchaguzi, magharibi inaingia, nikabeba sukari kwenda kumwomba kura Bi Marietha, mjumbe mzito. Nafika... pikipiki ya Didas ipo mlangoni.

Kanitangulia!

Nikazunguka nyuma, nikajibanza kwenye banda la kuku nisikie anamwahidi nini. Kuku wote macho wazi. Hakuna hata mmoja aliyelia. Harufu... ubani, na nywele zinazoungua.

Huko mihogoni kitu kikaita, taratibu:

"Mwenyekiti..."

Hata mtoto anajua, magharibi ukiitwa na usiyemuona, usiitike. Ila haikuita jina langu, bwana. Iliita cheo! Na Didas yumo ndani, dirisha wazi. Aitike yeye? Mbele yangu?

"NAAM!"



Kooni kukapita baridi, kama uzi unavutwa.

Bi Marietha akatoka na tochi ya simu. "Nani huko?"

"Mie, bibi. Shikamoo." Kilichotoka ni mnong'ono.

"Marahaba." Akanimulika kooni. "Umeitika wewe?"

Nikakubali kwa kichwa. Akarudi kinyumenyume, akafunga mlango. Ndani Didas akacheka.

Kwa sauti nzito.

Kesho yake akasimama kujinadi. "Ndugu wajumbe!" Mabati yakatetemeka. Sauti yangu! Mpaka kikohozi changu! Nikamvuta Wilfred, mpiga debe wangu. "Sauti yangu hiyo!"

"Acha wivu, braza. Didas ndo anavyoongeaga siku zote. Wewe ndo hatukusikiagi."

Nilipata kura moja. Yangu.

Kuna wanaosema ni mafua yamenikaa kooni. Haya. Uenyekiti achukue. Lakini juzi magharibi nimekaa na mke wangu Thuraya, na Didas yuko Dodoma mkutanoni, picha zake ziko kwenye grupu la chama. Mlango ukagongwa.

"Thuraya... nifungulie, mama."

Sauti yangu. Ya enzi za uchumba.

Mke wangu akanitazama. Akatazama mlango. Akatabasamu, tabasamu ambalo mie sijalipata miaka. Akajifunga kanga vizuri, akainuka.

Nikapiga kelele.

Hakusikia. Alikuwa ameshashika komeo.

Sogea karibu, siwezi kupaza. Haya yaishie kwako, usimsimulie mtu. Hata mie... ukinisikia nje nakuuliza habari hizi kwa sauti nzuri, usiseme. Siyo mie.