Kiti cha Abiria

Nilifika kwa mwalimu mstaafu jua likizama, kuchukua gari la marehemu mumewe. Gari la spoti, jekundu, la viti viwili, miaka kumi na moja gereji na bado limenyooka. Ugonjwa wangu ndio huo: nanunua magari ya zamani, nayafufua, nayauza, nanunua mengine. Mke wangu huyaita wake wenza.

Mjane alinipa funguo, akanong'ona, "Mwanangu, kiti cha abiria usikifumue."

"Kwa nini, mama?"

"Usikifumue tu."

Lakini sisi wa magari ya kale tuna kichaa chetu. Kabla ya injini, kabla ya rangi, tunafumua viti kuona kama ngozi na sponji ni zile zile za kiwandani. Gari lenye kiti cha kubandika halina heshima kwetu. Kesho yake jioni nikakata uzi wa kwanza.

Harufu ilitangulia. Udongo mbichi... na mafuta ya nywele.

Ndani palikuwa na msuko wa nywele za mwanamke, mrefu kama mkono wangu, umefungwa mafundo ya uzi mweusi. Nikayafungua yote, nikauchoma. Mjinga mimi.

Tangu hapo mke wangu, ambaye hakuwahi kupanda hata gari langu moja, akawa kila magharibi anakwenda kukaa kwenye kile kiti. Nikimgusa, wa baridi.

"Mama watoto, twende ndani."

"Nimekaa humu siku nyingi," alinong'ona. "Peke yangu..."

Haikuwa sauti yake.

Nikampigia mjane mbio mbio.

"Mume wangu alimfunga humo mke wake wa kwanza," alisema. "Umemfungua?"

"Nimemfungua. Nifanye nini, mama?"

Akakata simu.

Nikaamua kuliuza. Daktari wa meno, mwenye kichaa kama changu, alikuja jioni hiyo hiyo. Nilimshika mke wangu mkono ashuke, akashuka bila ubishi, akaenda jikoni akaanza kuimba. Nilifurahi hadi machozi. Daktari akaondoka na gari.

Robo saa haikupita, simu ikaita.

"Kaka, mkeo yuko huku garini."

"Mke wangu yuko jikoni."

Nikasikia kilio nyuma yake. Miaka kumi na minne ya ndoa, kilio cha mke wangu nakijua.

"Kitini hakuna mtu," daktari alisema, akihema. "Sauti inatoka ndani ya kiti. Anakuita."

"Geuza gari! Rudi!"

"Nageuza... Usukani umekataa."

Simu ikakatika.

Jikoni, wimbo ukakoma.

"Nani huyo, baba watoto?"

Huu mwaka wa pili. Daktari hajaonekana, wala gari. Polisi walikuja, mwanamke huyu akawakaribisha vizuri, wakaondoka. Watoto wanamwita mama, wanampenda. Mimi nalala naye kitanda kimoja, na sijui nimwambie nani.